Kunyakuliwa na Kulaki: Vitenzi Viwili na Imani ya Siku za Mwisho



Nakusudia kuzungumzia vitenzi viwili vilivyomo katika aya moja ya Biblia. Nitajaribu kuonyesha kwamba mtu akikishika kimoja na kukiacha cha pili, imani yake juu ya siku za mwisho hubadilika.

Aya yenyewe ni 1 Wathesalonike 4:17. Watafsiri wa Biblia ya muungano ya mwaka 1952 walitumia kunyakuliwa kueleza namna waamini walio hai watakavyochukuliwa mawinguni, na kulaki kueleza kusudi la safari hiyo. Kitenzi cha kwanza kimezaa jina unyakuo, linalovuma leo katika mahubiri ya makanisa mengi ya Kipentekoste: kwamba waamini wa kweli wataondolewa duniani ghafla, na wengine waachwe katika dhiki. Fundisho hilo lilienezwa na John Nelson Darby tangu miaka ya 1830, likapata nguvu Marekani kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield, ya mwaka 1909.

Kanisa Katoliki halina fundisho hilo. Linakiri kwamba Kristo atarudi kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Na Katekisimu ya mwaka 1992, ibara ya 675 hadi 677, yafundisha kuwa kabla ya hapo Kanisa litapita katika jaribu la mwisho. Hakuna kundi litakalotangulizwa ili liepuke.

Msamiati wa ibada zao una mpangilio wake. Kristo alipaa, Bikira Maria alipalizwa. Kupaa ni tendo la mwenye uwezo wake. Katika kupalizwa, kauli ya kutendesha na ya kutendwa zimeshikana, nasi twaelewa kwamba yuko aliyempandisha kwa heshima. Kunyakua ni jambo jingine. Mwewe hunyakua kifaranga. Mwizi hunyakua mkoba. Kitenzi hiki kina ghafla na nguvu ndani yake, na daima yuko anayepotewa. Msikilizaji huingiwa na hofu kabla hajafafanuliwa lolote.

Na kulaki je? Kwa hilo twendeni Ushongo, kijiji cha wavuvi wilayani Pangani, katika pwani ambayo neno Kiyama ni la Mwislamu na la Mkristo pia. Kumlaki mgeni si kumngojea kizingitini, wala si kufuatana naye kwenda kwingine. Ni kutoka, kukutana naye njiani, na kurudi naye. Ngalawa inaporejea, walio ufukweni huingia majini kuipokea. Hawaingii ili wahamie baharini. Neno la Kiyunani la aya ile, apantesis, lina maana iyo hiyo. Katika Mathayo 25 wanawali hutoka kumpokea bwana arusi na kuingia naye karamuni. Katika Matendo 28 ndugu wa Roma hutoka kumpokea Paulo, kisha huingia naye mjini. Ndiyo maana wafafanuzi wengi, Wakatoliki na wengineo, huisoma aya hii kuwa ni msafara wa kumpokea Mfalme anayekuja, si wa kuikimbia dunia.

Huu si mchezo wa maneno. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wa kundi lile walikuwa wametoka katika Ukatoliki. Hivyo hakuna upande wenye haki ya kujitapa. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, kwenye pwani yetu hii hii, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400. Kwa mujibu wa mamlaka za Kenya, wengi walifunga hadi kufa wakitaraji kukutana na Yesu.

Sidai kwamba sarufi ingewaokoa, wala kwamba unyakuo huzaa maafa kila unapohubiriwa. Wengi wanaouamini ni watu wa amani na bidii. Nasema hivi: anayengoja kunyakuliwa tu aweza kuuona mwili wake, mtoto wake na shamba lake kuwa mzigo wa kutupwa. Anayejiandaa kumlaki mgeni hufagia uwanja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ibara ya 39, ulionya kwamba kuitazamia dunia mpya kusipunguze juhudi za kuitunza hii.

Wanafunzi wangu, mkiulizwa na jamaa au jirani maana ya aya ile, msimjibu kwa kitenzi kimoja. Msomeeni hadi mwisho.