Miwani Haipimi Jicho

Nilipofika miaka 45 nilianza kulisogeza gazeti mbali na uso, hadi mkono ukaisha urefu. Hapa Iringo, Musoma, nikanunua miwani ya kutembezwa, namba +1.50. Herufi zikarudi, nikajiona mjanja.

Mwaka uliofuata nikapimwa hospitalini. Kumbe macho yangu hayalingani, na la kushoto lina presha. Presha ya macho kwa kawaida haiumi. Hula uoni kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi.

Siilaumu miwani ile. Haiharibu macho, na lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mtu umri unaposonga. Lakini husaidia kusoma tu, haichunguzi ugonjwa. Nunueni, ila mpimwe kwanza. Mimi nilianzia mwisho.