Somo la Lishe Lianzie Jikoni mwa Shule

Msikilizaji, tahasusi ya CBN, yaani Kemia, Baiolojia na Lishe, bado kuna wazazi wanaoiona kama kimbilio la waliokosa nafasi ya udaktari. Mimi naona kinyume, hasa kwa kijana wa Murongo, wilayani Kyerwa, ng'ambo tu ya mto Kagera kutoka Uganda.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Na huku kwetu migomba imejaa vibanjani! Ndizi inashibisha, inatia nguvu, lakini protini na madini ya chuma ni haba. Heri wazee walioipika na maharage yaliyooteshwa chini ya mgomba huohuo. Hata hivyo, chuma cha maharage mwili hukipokea kwa shida. Kipande cha papai au chungwa husaidia, kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi au kahawa inayonywewa papo hapo na mlo hukizuia zaidi. Hilo halitupendezi sisi wa nchi ya kahawa, najua.

Senene nao wana protini nyingi, na hakuna haja ya kumshawishi mtu awale.

Mwalimu wa somo hili asisubiri maabara ya kifahari. Sufuria la chakula cha mchana liko palepale shuleni. Wanafunzi wakokotoe kilichomo kabla halijaipuliwa, kisha wampelekee mkuu wa shule majibu.