Saratani ya Tezi Dume kwa Wazee: Vipimo Kabla ya Tiba

Mzee anayeamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa si lazima awe na saratani ya tezi dume. Mara nyingi tezi imetanuka tu kwa sababu ya umri. Kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume) pekee hakitoshi kuthibitisha saratani, kwani kiwango chake hupanda pia kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Saratani huthibitishwa kwa vinyama vya tezi vinavyochukuliwa kwa sindano, kwa kawaida 12, na kuchunguzwa kwa hadubini. Alama ya Gleason, kuanzia 6 hadi 10, huonyesha ukali wake. Saratani yenye alama 6 mara nyingi hufuatiliwa tu bila upasuaji. Iliyosambaa mifupani huhitaji tiba ya kupunguza homoni za kiume. Kabla ya kuamua tiba, daktari huangalia pia moyo, figo na dawa nyingine anazotumia mgonjwa.