Pesa za Maskini Si Pesa za Kikundi

Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Leo tumeombwa tuseme juu ya misaada ya pesa taslimu. Hizi ni pesa ambazo maskini hutumiwa moja kwa moja, kwa simu au kwa benki, bila kuambiwa anunue nini. Wengi wenu mnazijua. Pale kijijini kuna mzee aliyepita miaka 70, au nyumba inayolea mayatima, inayopata shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii. Na kila zinapofika maneno huanza: "Hizo zitaishia kwa pombe tu." Hebu tulizungumze jambo hili bila kuoneana haya.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka ya nyuma katika kazi yetu tuligawa mbuzi. Tulikaa ofisini tukaamua kwamba kila mjane akipata mbuzi, watoto wake watakunywa maziwa. Mjane mmoja alimuuza mbuzi wake kabla wiki mbili hazijaisha. Tulipokwenda kumtembelea tulikuta kamba tupu. Tukamfuta kwenye orodha na kuandika kwamba hana ushirikiano. Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba pesa za yule mbuzi zilimrudisha binti yake shuleni, maana alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya karo. Yeye alijua shida yake. Sisi hata hatukumwuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Yaliyoonekana Siaya

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu Kenya. Kuanzia mwaka 2011 shirika la GiveDirectly lilianza kutuma pesa kwa M-Pesa kwa nyumba za paa la nyasi huko Rarieda, Siaya. Waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, na wachunguzi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakawalinganisha na wale ambao hawakupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopata walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Wasiwasi ulipungua na furaha ikaongezeka nyumbani. Na zile pesa za pombe na sigara? Hazikuongezeka.

Wengine husema, "Mabati ni fahari tu." Jamani, ninyi mnaojua paa la nyasi, semeni. Linavuja, linaoza, na kila baada ya muda unatafuta tena nyasi na mtu wa kuezeka. Mabati unalipa mara moja. Huyo aliyenunua mabati amejua kupiga hesabu.

Tena kuna swali la jirani ambaye hakupata. Je, hataumia bei zikipanda? Uchunguzi mwingine ulifanywa Siaya katika vijiji 653. Nyumba zaidi ya 10,500 zilipewa shilingi kama 87,000 kila moja, kwa mafungu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu, yaani karibu hazikupanda. Na hata nyumba ambazo hazikupata kitu ziliinuka. Ilipigwa hesabu kwamba kila shilingi moja iliyoingia ilileta karibu shilingi mbili na nusu katika uchumi wa hapo.

Hilo linawezekanaje? Fikirini soko lenu. Fundi cherehani anakaa siku nzima akingoja mteja. Posho mill inasaga asubuhi, mchana inalala. Pesa zikiingia, fundi anashona, mashine inasaga, mwenye duka anaagiza sukari zaidi. Mikono ilikuwepo. Kilichokosekana ni mteja mwenye pesa mfukoni.

Na tusisahau watoto wachanga. Taarifa ya mwaka 2025 kutoka vijiji hivyo vya Siaya ilionyesha kwamba vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu katika nyumba zilizopata pesa. Akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitalini, na waliweza kupumzika kazi ngumu mimba ilipokuwa imekua. Lakini sikilizeni vizuri: faida ilikuwa kubwa zaidi kwa walioishi karibu na kituo chenye daktari. Pesa zinakulipia boda boda kwenda hospitali, lakini ile hospitali haziwezi kukujengea. Kwa hiyo kazi ya vikundi ya kudai zahanati, maji na barabara haijaisha.

Woga na fununu

Kuna wakati msaada huu hukataliwa. Mwaka 2015, shirika hilo hilo lilipokwenda Homa Bay, karibu nusu ya watu waliotembelewa walikataa. Ilisemekana ni pesa za shetani, eti ukizila utadaiwa roho za watoto wako. Tusiwacheke. Mtu aliyezoea kutapeliwa huogopa kitu cha bure. Dawa yake ni ukweli kusemwa hadharani: pesa zimetoka kwa nani, wanaopata wamechaguliwa kwa njia gani, na zitakwisha lini. Waelezwe barazani, mbele ya watu wote, na wale wasiopata wakiwepo. Wivu hukua mahali penye siri.

Basi kikundi kifanye nini?

Hapa ndipo tunapokuja kwenu. Tumekaa na vikundi vingi, na tumeona tabia moja inayotusikitisha. Mwanachama akipata pesa, kikundi kinamkata "ada ya maendeleo" bila hiari yake. Au mwenyekiti anajiwekea kitambulisho na simu ya bibi kizee, eti amtunzie. Tuseme wazi: huo ni unyang'anyi, hata kama unafanywa na watu wanaoheshimika. Pesa hizi zimesaidia kwa sababu mwenye nyumba aliamua mwenyewe. Kikundi kikianza kuamua kwa niaba yake, tutakuwa tumerudi kwenye mbuzi wetu.

Kwa hiyo tunawasihi mambo manne.

Kwanza, namba ya siri ni ya mwenyewe. Asiyejua kusoma achague yeye mtu wa kumsaidia, na awe huru kumbadilisha.

Pili, asiwepo mtu wa kulipwa ili jina liandikwe. Anayeitisha kitu kidogo aripotiwe.

Tatu, mume na mke wakae chini pamoja kabla pesa hazijatumika. Tumeona nyumba zikigombana, si kwa sababu ya pesa zenyewe, bali kwa sababu mmoja alizificha.

Nne, na hapa ndipo kikundi kinapokuwa na kazi kubwa, wasaidieni wanaotaka kuweka akiba. Kule Rarieda waliopata kidogo kidogo kila mwezi walikuwa na hakika zaidi ya chakula, na waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Kisha mwaka 2018 ulianza mpango katika Siaya na Bomet ambamo watu wa vijiji kadhaa waliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12. Taarifa ya mwaka 2023 ilisema kwamba watu hawa hawakuwa wavivu. Wengi waliingia katika mzunguko, ule mnaouita merigoraundi, ili zile pesa kidogo zigeuke kuwa fungu la kuanzisha biashara. Hakuna aliyewalazimisha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ninyi mnacho tayari: daftari lenu, mweka hazina wenu, siku yenu ya kukutana. Kifungueni kwa maskini. Mara nyingi maskini kabisa hayumo kikundini, kwa kuwa hana hata mchango wa kwanza. Akipata hizo 2,000 mkaribisheni, atoe anachoweza, mwezi wa shida asitozwe faini.

Yule mjane wa mbuzi tulirudi tukamwomba msamaha. Hakutukasirikia. Alitwambia tu hivi: "Mnunuzi aliona nina shida, akanipunja. Mngenipa zile pesa mlizonunulia mbuzi, ningelipa karo na bado ningebaki na za kuku wawili." Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu ni nani anayepata msaada wa pesa, na ni nani anayestahili lakini hapati? Tumemsaidiaje kujiandikisha?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kumkata mtu pesa zake bila hiari? Tutamrudishiaje?

3. Mchango wetu wa kwanza ni kiasi gani? Mtu maskini kabisa anaweza kuutoa?