Ekolojia ya Viwanda Kama Kazi ya Ujuzi katika Nchi ya Chai



Ilmu niliyopewa heshima ya kuieleza leo, iitwayo ekolojia ya viwanda, hukitazama kiwanda kama kiumbe kilacho, kinywacho na kitoacho taka, kisha huuliza ni jirani gani awezaye kuzifanya taka zile riziki yake. Kazi yenyewe ilitangulia jina. Huko Kalundborg, nchini Denmark, kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza mwaka 1972 kumpelekea jirani yake, mtengenezaji wa mbao za jasi, gesi ambayo ingaliteketezwa bure. Majirani wengine wakafuata, kila mmoja kwa mkataba wake na kwa faida yake, pasipo mtaalamu wa kuwaamuru. Mwaka 1989 Robert Frosch na Nicholas Gallopoulos, watafiti wa General Motors, waliieneza fikira hii kwa makala yao katika Scientific American. Jarida maalumu likaanza 1997, na mwaka 2001 ikaundwa jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wake.

Kenya haikukaa kando. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliviwekea viwanda wajibu, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Taifa cha Uzalishaji Safi, ambacho kazi yake ni kuvionyesha viwanda namna ya kupunguza upotevu ndani ya kuta zao. Hiyo ni kheri kubwa, lakini ni nusu ya safari, kwa maana yatokayo nje ya lango la kiwanda bado hayana mwenyewe.

Tuyatazame basi ya hapa petu, katika viwanda vya chai vya Kericho na Bomet. Katika kilo 100 za majani mabichi ya chai yaletwayo kutoka kituo cha kununulia, takriban robo tatu ni maji, na maji hayo sharti yafukuzwe, kwanza kwa upepo katika vihori vya kunyaushia, halafu kwa joto kali katika kikaushio, baada ya majani kukatwa na kuchachuka. Joto hilo latoka katika boila, na boila hula kuni za mikaratusi usiku na mchana. Kwa hiyo mhasibu aliyezoea kuitazama chai kwa bei ya mnada wa Mombasa hana budi kuitazama pia kwa kuni: zimekauka kiasi gani kabla ya kutiwa motoni, hewa ya moto ipandayo katika bomba la moshi yaishia wapi, na maji ya mvuke uliopoa yanarudi katika boila au yanamwagwa mtaroni. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujikausha zenyewe, na hasara hiyo mwishowe humfikia mkulima katika bonasi yake.

Sasa nakuja kwenye majivu ya boila hizo, ambayo nayapa nafasi kubwa kwa makusudi. Mtu mwenye nia njema atasema yarudishwe shambani kwenye michai, kwani yana madini. La hasha. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na majivu huiondoa asidi hiyo. Wazee wa mashamba haya wajua kwamba mahali palipokuwa na nyumba zamani, au palipochomwa makaa, michai hudumaa na kugeuka manjano hali jirani zake zimesitawi. Majivu hayo hayo, yakitiwa kwa kipimo katika shamba la mahindi au la majani ya ng'ombe lililochoka kwa asidi, huwa neema. Kukutanisha taka na jirani asiyestahiki ni madhara, na kwa ajili hiyo kazi hii yataka mtu aliyesomea udongo, moto na hesabu kwa pamoja.

Kadhalika, chini yetu, Muhoroni na Chemelil, ni nchi ya miwa, na makapi ya miwa yaliyokaushwa na kushindiliwa yafaa kulisha boila zetu badala ya miti. Nani leo ana dhamana ya kupima kama gharama ya lori kupanda mlima inazidi thamani ya kuni zitakazosalimika? Meneja wa kiwanda ana chai yake ya kutazama, na fundi wa boila ana mvuke wake.

Naomba, kwa hiyo, viwanda vya Litein, Momul na Tegat kwa upande wa Kericho, na vya Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek kwa upande wa Bomet, vimwajiri kwa shirika mtaalamu mmoja wa fani hii, na Chuo Kikuu cha Kabianga kimletee wanafunzi. Kazi yake ya mwaka wa kwanza iwe daftari moja la kuni, maji, majivu na vumbi la chai la viwanda vyote sita, lililo wazi kwa wakurugenzi na kwa wakulima sawasawa.