Mbwa Anayeogopa Gari Naye Achanjwe



Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wafugaji hukumbushwa kuwachanja mbwa wao. Wengi huitikia. Lakini wako ambao nia yao huishia mlangoni: mbwa akiiona tuktuk hutetemeka, hubweka na kurukia kila mkokoteni unaopita. Mwishowe hurudishwa uani bila sindano. Mbwa huyo ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa mwenye woga huuma upesi, na huyu hana kinga.

Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa usienee, na Kenya imelenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Kiwango hicho ni kigumu kufikiwa iwapo mbwa waoga wanaachwa nyumbani.

Kumzoesha mbwa gari huanza wiki kadhaa kabla ya siku ya chanjo. Kwanza gari husimama tu, injini imezimwa na mlango u wazi. Mbwa hulishwa kando yake, halafu ndani yake, na akitaka kushuka huachwa ashuke. Akitulia, injini huwashwa bila kuondoka. Kisha hufuata safari ya dakika mbili, halafu tano, inayoishia mahali anapopapenda, si kwenye sindano kila mara. Hatua ikimshinda, hurudiwa ile iliyotangulia. Kumpiga au kumburura humfundisha kwamba gari ni adhabu.

Siku ya safari, asishibishwe kabla ya kuondoka, maana wengine hutapika. Afungwe mshipi wa kifuani badala ya kamba ya shingoni. Tuktuk iko wazi ubavuni, na akiruka huku amefungwa shingo anaweza kujinyonga. Kanga ikining'inizwa upande wake asiyaone ya barabarani, aghalabu kelele hupungua. Anayeuma avishwe kifuniko cha mdomo kinachomwachia nafasi ya kuhema, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema. Ndiyo maana gunia, buti na gari lililofungwa madirisha juani vinaweza kumuua. Anayevuka Likoni aondoke alfajiri, kabla ya joto na foleni ya feri. Tembe za binadamu asipewe. Dawa ya kumtuliza, ikihitajika, hutolewa na daktari wa mifugo.

Mji wa Kale una mambo yake. Vichochoro vingi havipitishi gari, kwa hiyo mbwa hutembezwa kwanza hadi barabarani, akipita paka na watoto. Tena madereva wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi: kiti kikilowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa amweleze dereva mapema, atandike turubai lake mwenyewe, na akikataliwa asione ametukanwa. Njia nyingine ni kumwita daktari wa mifugo nyumbani, au kumuuliza afisa wa mifugo wa wadi kuhusu chanjo za mtaani.

Kwa Katiba ya 2010, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, ni kazi ya kaunti. Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Mtu akiumwa, hata na mbwa anayejulikana, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Akizoeshwa gari tangu udogo, safari hizo zote zitakuwa nyepesi, na mtoto wa jirani atapita kichochoroni kwenda madrasa bila hofu.