KARO NI NAULI

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mzaliwa wa Rangwe, katika mkutano wa tawi)



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, na kazi yangu ni ya reli. Basi nitasema kwa maneno ya reli.

Zamani za ukoloni gari la moshi lilikuwa na madaraja, na kila mtu alijua Mzungu anakaa wapi, Mhindi wapi, na Mwafrika wapi. Shule nazo zilikuwa vivyo hivyo, na fedha za Serikali ziligawanywa kwa rangi: mtoto wa Kizungu nyingi, wa Kiafrika kidogo. Baada ya Uhuru, Tume ya Profesa Simeon Ominde ilitaka shule zisitenge watoto kwa rangi. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana. Lakini karo za shule zile zilibaki juu. Kibao kilitolewa mlangoni, nauli haikushuka.

Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo ya shule za msingi, ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Hilo lilikuwa jema, na watoto wengi walirudi darasani. Mwaka 2008 ilianza kulipia masomo ya sekondari, na mwaka 2018 kiasi kikawa shilingi 22,244.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2019 mdogo wangu wa mwisho aliitwa shule kubwa ya bweni. Barua ilitaka karo ya bweni, sanduku, godoro na viatu. Nami nilikuwa bado nalipa mkopo wa ushirika wa mazishi ya baba. Akabaki shule ya kutwa ya nyumbani. Serikali ilimhesabia shilingi zile zile ambazo ingemhesabia kule. Je, huo ni usawa? Kule maabara ilijengwa tangu zamani. Kwetu walisoma sayansi ubaoni. Mizani iliyoelemea upande mmoja, ukiiongeza uzito sawa pande zote mbili, haisimami sawa.

Kwa hiyo naomba chama kidai mambo mawili. Kwanza, shule zenye upungufu zipewe zaidi kwa majengo na walimu. Pili, fedha zifike kabla ya muhula kufunguliwa. Na sisi wazazi na walezi tuhudhurie mikutano ya shule, tuulize hesabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Msiseme hili si jambo la chama. Tunadai nyongeza ya mshahara, na karo inaila kabla haijafika mezani.

Mdogo wangu hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.